Pikipiki ya 1968 inavuja oili ikiwa imepaki tu

Wakuu, pikipiki yangu ya Kiingereza ya 1968 ikikaa wiki bila kuwashwa inaacha dimbwi la oili chini. Ikitembea, kavu kabisa! Gasketi nimeshabadilisha. Shida nini?

— Gasketi umeionea bure. Cheki tangi la oili, limeshuka? Injini hizo oili yake hukaa kwenye tangi la pembeni. Pikipiki ikilala, inapenya taratibu kwenye pampu, inajaa chini kwenye krenki (tumbo la injini), halafu inatafuta pa kutokea. Fungua pampu, toa gololi na springi zinazoziba njia ya oili, safisha pale gololi inapokalia. Uchafu kidogo tu unatosha kuizuia isifunge.

— Usiiwashe kabla hujamwaga hiyo ya chini, utafukiza mtaa mzima. Na ukifunga tena, silikoni ya kuzibia maungio paka kiduchu, ikikatika inaziba njia za oili.

— Kweli, tangi limeshuka nusu. Pampu naifungua jioni.