Naomba ushauri: nisubu chubwi kwa betri mbovu, au nikachekeche mchanga wa uwanja wa shabaha?

Mvuvi_Msangamkuu: Wakuu, habari za jioni. Niko Msangamkuu, ng'ambo ya Mtwara mjini. Jarife langu, wavu wa kutega, limeacha nusu ya chubwi zake, vile vizito vya kuzamisha wavu, kwenye miamba bamvua (maji makuu) lililopita, na bei ya dukani imenikimbiza. Nahitaji kama kilo 20 za risasi, ile metali, niyeyushe na kusubu, yaani kumimina kwenye kalibu. Fundi mmoja wa betri ananiuzia betri tatu za gari kwa bei ya chakavu. Rafiki yangu naye anasema twende kwenye tuta la uwanja wa shabaha, tuchekeche mchanga tuokote vichwa vya risasi vilivyokwisha pigwa. Eti Marekani watu wanafanya hivyo na kusubu risasi mpya za bunduki. Mimi zangu za samaki tu. Karai ninalo, mkaa upo, kalibu nimechonga kwenye tofali. Nianzie wapi?

Kusi_Kali: Ukikutwa pale na chekecheo, sijui utamwelezaje askari kwamba risasi unayotafuta wewe ni ile nyingine 😂

Mzee_wa_Mikindani: Mwanangu, huyo rafiki yako hajadanganya kuhusu Marekani, ila amekuhadithia nusu. Kule wanaingia kwa ruhusa ya mwenye uwanja. Kichwa cha risasi mara nyingi kimevikwa ganda la shaba. Risasi yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 327, shaba inangoja mpaka 1,085, kwa hiyo maganda yanaelea juu yakiwa mazima na wao wanayaengua kwa kijiko. Nusu iliyobaki ni hii: ndani ya mchanga ule ule huokotwa risasi nzima yenye baruti, na ikiingia karaini inalipuka. Halafu kuna maji. Kipande chenye unyevu kikizama kwenye risasi iliyoyeyuka, maji yanageuka mvuke papo hapo na karai zima linakurukia usoni. Na hilo tofali lako la kalibu, umelikausha? Hapa kwetu kila kitu kina unyevu. Kwenye eneo la jeshi au polisi usikanyage kabisa.

Fundi_Ringi: Mimi nina vile vipande vya risasi vya kubalansia ringi za gari, ila angalia, vingine siku hizi ni zinki au chuma. Zinki inahitaji nyuzi 419, ikichanganyika na risasi chubwi zinatoka na chembechembe, hazishiki umbo. Pia usichochee moto kwa maganda ya korosho kama nilivyoona watu wakifanya, mafuta yake yanaunguza ngozi na moshi wake hauvutiki.

DadaWaMaabara: Kaka, betri achana nazo. Ndani si risasi safi, nyingi ni uji uliokauka wa chumvi za risasi, na ukivunja unatimka vumbi, tindikali pembeni. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia sumu majirani, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Dakar, kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, walikufa watoto 18 kwenye mtaa ambao watu walichekecha mchanga wenye mabaki ya betri. Kuchekecha tu, kama unavyotaka wewe. Una watoto nyumbani? Na chubwi ndogo za mshipi unazibana kwa kitu gani?

Mvuvi_Msangamkuu: Kwa meno, dada. Wote tunabana kwa meno. Mdogo wangu wa miaka minne anazichezea, juzi nimemtoa moja mdomoni.

DadaWaMaabara: Basi anza na hilo leo. Koleo ni bei ndogo. Mtoto mpeleke hospitali, uwaambie wazi kwamba amekuwa akinyonya risasi, maana dalili zake ni tumbo kuuma, choo kigumu na damu kupungua, mtu anaweza kudhani minyoo. Mara nyingi haonyeshi dalili yoyote.

Kusi_Kali: Nimeacha kucheka. Kwani saruji haifai? Sisi Kilwa kuna wanaoitumia.

Mzee_wa_Mikindani: Inafaa, ila ni nyepesi majini. Kilo moja ya risasi ikizama inakuvutia kama gramu 900, ya saruji gramu 570 hivi. Kwa hiyo kilo zako 20 zitakuwa 32. Zinajaza mtumbwi na kwenye mwamba zinavunjika. Jarife linatulia vizuri tu. Mimina kwenye vipande vya bomba la plastiki, katikati pitisha mrija uliopakwa mafuta ili tundu la kamba libaki, kisha zilowekwe maji siku saba.

Mvuvi_Msangamkuu: Shikamoo mzee, nimekuelewa. Betri nimemwachia fundi. Mdogo wangu amechukuliwa damu leo asubuhi, tunasubiri majibu.

Mvuvi_Msangamkuu: Mrejesho wa wiki: tumemimina chubwi 70 za saruji. Mbili zimepasuka, tulizitoa siku ya tatu kwa haraka ya bamvua. Koleo limenunuliwa, ila jana usiku baharini nimejikuta chubwi iko mdomoni tayari.