Naomba ushauri: 4H na 4L, niweke ipi na wakati gani?

Mzigo_Nyuma:
Wakuu, habari zenu. Nina gari la dizeli, gia za mkono, lenye ile fimbo ndogo ya pili ya 2H (tairi mbili zinavuta), 4H (zote nne, mwendo wa kawaida), N (huru) na 4L (zote nne, mwendo mdogo). Nililinunua likiwa limeshatumika na kitabu chake sikupewa. Aliyeniuzia alisema 4L usiiguse mpaka ukwame kabisa, nami nikashika hivyo hivyo.

Juzi mvua imenyesha, nikapita njia ya udongo nikiwa na mzigo na watoto wawili. Tope nililipita vizuri na 4H. Balaa likaja kwenye mteremko. Nipo gia ya kwanza, gari linazidi kukimbia, nikakanyaga breki, tairi zikakaza, gari likaanza kwenda ubavu. Liliposimama, tairi ya mbele ilikuwa imebakiza shubiri moja kuingia mtaroni. Mpaka leo nikikumbuka moyo unanienda mbio.

Nilipofika lami nikasahau kutoa 4H. Kwenye kona usukani ukawa mzito, gari kama limeshikiwa breki, na fimbo ikagoma kurudi 2H. Je, nimeharibu kitu? Na hiyo 4L kazi yake hasa ni ipi?

Fundi Shafti:
Pole sana mkuu, tumshukuru Mungu watoto wako salama.

Kama kwenye lami ulienda mwendo mfupi, sidhani kama kuna kilichovunjika. Gari lako halina difu ya katikati, ile gia inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, kwa hiyo ukiweka 4H propela (shafti ndefu) ya mbele na ya nyuma zinafungwa zizunguke sawasawa. Kwenye kona tairi za mbele zinapita njia ndefu kuliko za nyuma, lazima mojawapo iteleze kidogo. Kwenye tope inateleza wala huhisi. Kwenye lami kavu inashika, mkazo wote unabaki ndani ya shafti na gia, ndio maana fimbo iligoma. Ikitokea tena usiipige kwa nguvu. Nyoosha usukani, rudi nyuma taratibu mita chache huku ukiivuta, utasikia "tak" imetoka.

Ila kule kubana kumekupa habari njema: habu zako za mbele, vile vifungo vya kuunganisha tairi na shafti, zinashika. Kuna watu habu moja iko FREE (imeachia), nguvu ya mbele yote inaishia kwenye shafti inayozunguka bure, na wao wanaamini wana fowili.

Gia Nzito:
Mleta uzi, huo ushauri wa kusubiri ukwame ndio uliokufikisha ukingoni mwa mtaro. 4L si ya kujinasua tu. Kwangu mimi kazi yake kubwa ni kulishika gari.

Hesabu ni hii. Kwenye Hilux nyingi uwiano wa 4L ni kama 2.5 kwa 1, Jimny ni kama 2, Wrangler Rubicon ni 4. Chukua hiyo 2.5: injini ikizunguka vilevile, gia ya kwanza iliyokuwa inakupeleka kilomita 10 kwa saa sasa inakupeleka 4, na nguvu inayofika kwenye tairi inaongezeka kwa kiasi hichohicho.

Kabla hujaanza kushuka, simama kabisa pale juu, mguu kwenye breki. Kanyaga klachi, vuta fimbo ipite N hadi 4L kwa mkono mmoja usiosita. Ikibakia N, hata uwe kwenye gia, gari linashuka lenyewe, maana giaboksi imeshaachana na magurudumu. Hakikisha imeingia, weka gia ya kwanza, achia klachi yote, kisha toa mguu kwenye breki. Injini italizuia gari huku tairi zikiendelea kuzunguka, na tairi inayozunguka ndiyo inayosikia usukani. Iliyokaza inateleza tu. Katikati ya mteremko klachi usiiguse, nakuomba sana.

Tope Jekundu:
Naunga mkono kwa mteremko, mawe na kuvuka maji. Kwenye tope zito lakini, 4L na gia ya kwanza inachimba shimo. Mimi naenda na ya pili au ya tatu, tairi zisizunguke ovyo. Mchanga natumia 4H, napunguza upepo, na sisimami hovyo.

Mzigo_Nyuma:
Asanteni sana. Na kurudi kinyumenyume na trela kwenye mwinuko? Klachi huwa inanuka kuungua.

Fundi Shafti:
4L hapo inaiokoa klachi yako. Ila kama chini ni pakavu na pagumu, nenda umenyoosha; ukikata kona utarudi kwenye mkazo uleule wa lami.

Mzigo_Nyuma:
Mrejesho. Leo nimerudi kwenye ule mteremko peke yangu, bado umelowa. Nikasimama juu, nikafanya kama Gia Nzito alivyosema. Injini ikanguruma, gari likashuka polepole kuliko mtu anayetembea, miguu yangu yote miwili iko sakafuni. Pale tulipoteleza alama za tairi bado zipo, nimepita pembeni yake nimenyooka.

Gia Nzito:
Safi sana mkuu. Ukifika chini palipo tambarare, simama tena ndipo urudishe 4H. Usikimbie na 4L, injini italia bure.