Kinywa kinachokauka kwa wazee: maji, bigijii, jeli, au kubadilishiwa dawa?

Binti wa Pangani

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu. Namuuguza mama yangu mwenye umri wa miaka 74, na huu ni mwezi wa nane tangu kinywa chake kianze kukauka mchana na usiku. Hii si kiu ya kawaida, kwani hunywa maji, na dakika chache baadaye ulimi hurudi kuwa mkavu kama kitambaa kilichoanikwa juani. Ugali haupiti bila mchuzi mwingi, mkate ameuacha kabisa, na meno ya bandia ya juu, ambayo ameyavaa kwa raha miaka sita, sasa yanamchubua fizi kwa sababu hayashiki tena. Linaloniumiza zaidi ni kwamba ameacha kuongoza kisomo cha akina mama cha Alhamisi jioni, kwa kuwa ulimi humganda kwenye kaakaa katikati ya Yasini, akalazimika kunyamaza mbele ya watu.

Nimeshauriwa mambo manne, na kila mshauri anaapa kwamba la kwake ndilo. Wa kwanza anasema awe na chupa ya maji mkononi siku nzima. Wa pili anasema atafune bigijii isiyo na sukari. Wa tatu alinionyesha jeli ya mate ya bandia katika duka la dawa, kwa bei ambayo kwetu si ya kila mwezi. Jirani yetu naye anasisitiza ndimu, anyonye kipande kila anapohisi ukavu. Mama anatumia dawa mbili za presha, moja ikiwa ya kukojoza, dawa ya kisukari, na usiku kidonge cha amitriptilini kwa ajili ya miguu inayowaka moto. Naomba mliopitia haya mnilinganishie njia hizi kwa uzoefu wenu.

Muuguzi Mstaafu, Moshi

Marahaba mwanangu, na Mungu akulipe kwa kumtunza mama. Kabla hatujalinganisha maji na bigijii, rudi kwenye mstari wako wa mwisho, maana umetaja dawa kama jambo la pembeni, nami naona hapo ndipo pa kuanzia. Tezi za mate za mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na uzee peke yake kwa kawaida haukaushi kinywa kiasi unachokieleza. Kinachokausha vinywa vya wazee wengi ni vidonge. Amitriptilini inajulikana sana kwa hilo, kwa sababu huzuia ujumbe wa neva unaoziamuru tezi kutoa mate. Dawa ya kukojoza nayo hupunguza maji mwilini, na sukari ikipanda mgonjwa hukojoa mara nyingi na kinywa hukauka zaidi. Mama yako anayo yote matatu.

Weka kwenye mfuko mmoja kila dawa anayotumia, pamoja na zile za kununua dukani bila cheti, umpelekee daktari wake. Nilipokuwa kazini, bibi mmoja alinimwagia mezani vidonge vya aina 11, na viwili kati ya hivyo vilikuwa dawa ileile ya mafua katika pakiti za rangi tofauti. Alikuwa akimeza vyote viwili kila usiku kwa sababu vilimpa usingizi, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Mwulize daktari kama dozi ya amitriptilini inaweza kupunguzwa, au kama kuna dawa nyingine ya miguu. Nakusihi usimwachishe mwenyewe, kwa sababu kusimamisha dawa ya presha au hiyo ya usiku kwa ghafla kuna madhara yake.

Kuhusu ndimu, mwambie jirani kwa upole kwamba hapana. Ni kweli ndimu huchuruzisha mate, lakini asidi yake humomonyoa meno, na kinywa kisicho na mate ya kuizimua hakina kinga. Ukwaju na ubuyu wa pipi vina hasara hiyohiyo, tena na sukari juu yake.

Mfamasia wa Morogoro

Naunga mkono aliyotangulia kusema mama muuguzi, na sasa nijibu swali la ulinganisho. Njia ulizozitaja hazifanyi kazi moja. Bigijii na pipi huziamsha tezi zitoe mate yake zenyewe. Jeli na dawa za kupuliza hukaa mahali pa mate. Maji hulowesha tu kisha hupita. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama tezi za mama bado zina uwezo. Mpe kitu kisicho na ladha akitafune kwa dakika mbili tatu, umwulize kama anahisi mate yanakuja. Kipimo hiki cha nyumbani hakichukui nafasi ya daktari, lakini kitakuonyesha njia. Yakija, hata kidogo, anza na kuamsha, kwa sababu mate ya mtu mwenyewe yana utelezi, madini ya kuimarisha meno na vizuizi vya vijidudu, na hakuna jeli iliyowahi kuyafikia.

Kwa mama mwenye meno ya bandia yaliyolegea, bigijii ina udhia: hunata, na hulinyanyua bamba la juu. Ningechagua pipi ya kunyonya isiyo na sukari, yenye zailitoli (kitia utamu kinachotumika badala ya sukari), ambayo kwenye pakiti huandikwa kwa X mwanzoni. Bakteria wa meno hawawezi kuigeuza kuwa asidi. Ikizidi huharisha, na kama mna mbwa ifichwe mbali, kwani kwake ni sumu. Epuka pipi zisizo na sukari lakini zenye ladha kali ya limau, kwani asidi yake ni ileile aliyoisema mama muuguzi.

Jeli hutumika kwa kiasi cha punje ya kunde, ikapakwa juu ya ulimi, ndani ya mashavu na upande wa ndani wa bamba la meno. Nafuu yake ni ya saa chache tu, na ndiyo maana siipendekezi iwe tegemeo la kutwa kwa mtu anayehesabu shilingi. Iwekeni kwa ajili ya kulala na kwa shughuli maalumu. Soma pia maandishi ya pakiti, kwa sababu baadhi ya mate ya bandia hutengenezwa kwa ute wa nguruwe, na muuzaji huenda asikwambie.

Kuna njia ya tano, rahisi kuliko zote. Chukua robo ya kijiko cha chai cha soda ya kuokea (baking soda) na chumvi nusu ya kipimo hicho, uvikoroge katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, asukutue mara kadhaa kwa siku, ateme, kisha asukutue kwa maji matupu. Iwe soda ya kuokea kweli. Hamira siyo, baking powder siyo, na magadi ya kulainishia maharage ni makali mno kwa kinywa kilichokwisha kuchubuka. Dawa za kusukutua zenye alkoholi nazo ziachwe, kwani zinakausha zaidi.

Mzee wa Bagamoyo

Mimi nina miaka 69, na niliondokewa na mate baada ya kupigwa mionzi ya shingoni katika taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Naandika ili binti afahamu hali ya mtu ambaye tezi zake zimeungua, maana ulinganisho kwetu ni tofauti. Bigijii kwangu ilikuwa sawa na kutafuna mpira. Niliandikiwa vidonge vya pilokapini, ambavyo huchochea kile kidogo kilichobaki. Vilinisaidia kiasi, lakini shati lilikuwa likilowa jasho kabla ya saa nne asubuhi, na daktari aliniuliza kwanza kuhusu pumu na macho kwa sababu si kila mtu anaruhusiwa kuvitumia. Kwa mama yako, ambaye tatizo lake linaelekea kuwa la dawa, nisingeanzia huko.

Nataka kusema zaidi kuhusu usiku, kwa sababu ndio unaotuvunja. Hata mtu mzima wa afya, mate yake hukaribia kukatika akilala. Nilikuwa nikiamka mara tano kunywa maji, kisha nikaamka tena mara tano kwa ajili ya choo, na usiku mmoja niliteleza kwenye sakafu ya bafu nikavunjika kifundo cha mkono. Tangu hapo nimeacha glasi kubwa kando ya kitanda. Kabla ya kulala napaka mafuta ya nazi kidogo kwa kidole juu ya ulimi, chini yake na ndani ya mashavu, na mengine midomoni. Harufu yake naipenda, utelezi wake unakaa kuliko maji, na chupa moja tunaitumia pia jikoni. Vilevile geuza feni isimpulize usoni, na uchunguze kama analala kinywa wazi kwa sababu ya pua iliyoziba.

Kama mama bado ana meno yake ya chini, yalinde kuliko ulivyowahi kuyalinda. Mimi nilipoteza manne kwa muda mfupi, yote yakiozea shingoni, pale jino linapokutana na fizi. Dawa za meno za kawaida huwa na floraidi, yaani madini ya kukinga meno yasioze, ya sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, na ipo ya kuandikiwa na daktari wa meno yenye 5,000. Laiti ningaliambiwa hilo siku ya kwanza ya mionzi.

Mkaazi wa Likoni

Ahsanteni nyote. Nina tahadhari kuhusu chupa ya maji. Marehemu baba alikuwa na moyo uliochoka, na daktari alimwekea kikomo cha maji kwa siku. Sisi, kwa kumhurumia kinywa, tukawa tunampa glasi baada ya glasi, hadi miguu ikavimba. Kwa mgonjwa wa moyo au wa figo, uliza kwanza kiasi anachoruhusiwa. Kilichomsaidia baba ni kipande kidogo cha barafu, ukubwa wa ncha ya kidole, alichokiacha kiyeyuke ulimini. Na hata kwa asiye na kikomo, funda dogo mara kwa mara, hasa wakati wa kula, linafaa kuliko glasi nzima kwa mkupuo.

Pia, ikiwa mama anatafuna tambuu ili kupata mate, kama walivyo wazee wengi wa huku kwetu, mshawishi aache. Popoo, ile kokwa inayotafunwa ndani ya tambuu, inasababisha saratani ya kinywa, hata isipotiwa tumbaku.

Binti wa Pangani

Nimerejea baada ya wiki tano. Daktari alikagua mfuko wa dawa, akapunguza amitriptilini kwa hatua na kuihamisha dawa ya kukojoza iwe ya asubuhi, kwa kuwa mama alikuwa akiimeza jioni na hakuna aliyelijua hilo. Sukari ilikuwa juu, nayo imerekebishwa. Alipovua meno ya bandia, tulikuta kaakaa limekuwa jekundu lote na utando mweupe pembeni: fangasi, ambao nilidhani ni kuchubuka tu. Amepewa dawa ya matone ya nistatini, na meno sasa yanavuliwa, yanapigwa mswaki na kulazwa kwenye maji kila usiku. Zamani alilala nayo.

Kwa mchana tumebaki na pipi za zailitoli, kwani tulipofanya kile kipimo cha kutafuna, mate yalikuja. Kusukutua kwa soda na chumvi ni asubuhi na baada ya kula. Usiku ni mafuta ya nazi, na bado anaamka mara moja au mbili, jambo ambalo daktari amesema tulifuatilie. Jeli nilinunua bomba moja dogo, na halitumiki ila Alhamisi. Juzi alijipaka robo saa kabla ya wageni kuingia, akaweka kikombe kidogo cha maji nyuma ya msahafu, akasoma Yasini mpaka mwisho. Kikombe alikigusa mara mbili.