Noeli hii nimtumie mama wa Monze unga ao pesa?

Mama Bukari, Lubumbashi
Bandugu, naomba shauri. Nauza unga soko la Kenya (si nchi, ni komini yetu, yaani mtaa wa mji). Zamani mahindi yangu yalitoka kwa mama mmoja wa Monze, kusini mwa Zambia, tulijuana Kasumbalesa, mpakani. 2017 mume wangu alilazwa, mtaji wote ukaishia hospitali. Yule mama akanipa magunia ishirini kwa deni, bila karatasi. "Utalipa ukiuza." Nililipa kwa miezi mitano na hakuniuliza hata siku moja.

Mwaka huu, 2024, shamba lake limeungua kwa jua. Mwezi wa pili rais wao alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Nilipompigia wakati wa mavuno alicheka: "Nimevuna mabua." Sasa yeye na wajukuu sita wanakula mara moja, saa kumi jioni.

Likelemba yangu (pesa ya kuchangiana kwa zamu) inatoka tarehe 20. Nguo za watoto zitangoja. Nipakie unga kwenye lori ao nitume pesa?

Dereva wa Kasumba
Mama, unga kutoka Lubumbashi kwenda Zambia? Huo ni kupeleka samaki ziwani! Tena Monze iko mbele ya Lusaka, kama kilomita 600 toka mpakani, na duane (watu wa forodha) watakula nusu. Badilisha faranga kwa kambisti, mbadilisha pesa, upate kwacha ya Zambia, mtu unayemwamini amtumie kwa simu. Noti uhesabu mwenyewe, moja moja. Zinapunguaka katikati ya bunda.

Tantine Katuba
Pesa sawa, lakini umemuuliza? Mwezi wa 12 kule ni wa kupanda. Mwenye njaa anapika mbegu, halafu mwaka kesho ni njaa tena.

Mama Bukari
Tantine, asante, sikuwa nimeuliza. Siku tatu simu yake ilikuwa imezima: maji ya Kariba yameshuka, umeme unakuja saa chache tu, naye anachajisha dukani. Jana nimempata. Anataka mifuko miwili ya unga ya kilo 25 na mmoja wa mbegu, basi. Nilipoongeza alikataa, akageuza maneno: wateja wangu wa mkopo wanalipa?

Wawili hawalipi. Sikumwambia.

Dereva, unatoka siku gani? Pesa ya hiyo mifuko itapita kwa simu, lakini kuna kikwembe (kitenge) nimemkunjia, na hicho hakipiti humo.