Misitu ya taifa ya Washington: pasi ya dola 30, ya dola 80, au kulipa kila siku?

Mkaazi wa Bondeni
Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Tunaishi katika jimbo la Washington, mimi na mume wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe, ambaye ametimiza miaka 66 na ana ukaazi wa kudumu. Tunapanga kutembelea misitu ya Mount Baker-Snoqualmie na Gifford Pinchot kila tutakapopata nafasi, na kufika hifadhi ya taifa ya Mount Rainier walau mara moja mwaka huu. Naomba mnisaidie kulinganisha: Northwest Forest Pass (pasi ya misitu ya taifa) ya dola 30 kwa mwaka, America the Beautiful (pasi ya mwaka ya misitu na hifadhi za taifa) ya dola 80, au dola 5 za kila siku. Pia, je, ni kweli kwamba kila njia ya msituni inalipiwa?

Mpanda Vilima
Dada, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linaloamua mengine. Msitu wa taifa wenyewe hauna kiingilio. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2004 inaikataza Idara ya Misitu kumtoza mtu ada kwa sababu tu ameegesha gari, amepita kwa miguu bila kutumia huduma zilizopo, au amepiga kambi mahali pasipoendelezwa. Ada ya siku huruhusiwa pale penye mambo sita kwa pamoja: maegesho yaliyotengwa, choo cha kudumu, pipa la taka la kudumu, kibao cha maelezo, meza za kulia chakula na huduma ya ulinzi. Unacholipia, basi, ni choo na meza, wala si miti, na angalau asilimia 80 ya fedha hizo hubaki palepale zilipokusanywa.

Penye ada, mara nyingi utakuta bahasha karibu na ubao wa matangazo. Unaandika namba ya gari, unatia dola 5 ndani, unachana kipande cha pembeni na kukiweka juu ya dashibodi kionekane kupitia kioo, kisha bahasha unaitumbukiza kwenye bomba la chuma lililosimikwa hapo. Hakuna wa kukurudishia chenji, kwa hiyo beba noti ndogo. Kwa bei hiyo, pasi ya dola 30 huanza kukupa faida siku ya saba.

Hesabu Kwanza
Naafiki, ila Mount Rainier inahitaji hesabu yake. Misitu ya taifa iko chini ya Wizara ya Kilimo, ilhali hifadhi za taifa ziko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na ndiyo maana Northwest Forest Pass haikuvushi lango la hifadhi hata kama msitu na hifadhi vimepakana. Kiingilio cha Mount Rainier ni dola 30 kwa gari, nacho hudumu siku saba. Ukijumlisha na pasi ya msitu unapata dola 60, ambazo bado ziko chini ya 80. Mkiongeza hifadhi ya Olympic, ambayo nayo ni dola 30, mtafika 90, na hapo ndipo America the Beautiful inaposhinda. Kwa mpango ulioueleza, kununua pasi ya dola 80 ni kupoteza 20, ingawa najua wengi huinunua kila mwaka kwa mazoea tu. Tena bei hiyo ni ya wakaazi wa Marekani. Kuanzia Januari 2026 asiye mkaazi hulipa dola 250.

Mama Pacha
Jamani, mbona bibi mmemsahau? Mwenye miaka 62 au zaidi, awe raia au mkaazi wa kudumu, anastahili Senior Pass, yaani pasi ya wazee: dola 20 kwa mwaka, au dola 80 mara moja kwa maisha yake yote. Inakubalika penye ada ya siku msituni na pia langoni Mount Rainier, na inawafaa wote waliomo garini mradi bibi mwenyewe awepo. Katika kambi nyingi za Idara ya Misitu hupunguza ada ya kulala kwa nusu, jambo ambalo pasi ya kawaida ya dola 80 haifanyi. Je, kuna mtoto wa darasa la nne? Wao wana pasi yao ya bure.

Mpanda Vilima
Angalizo: hakuna pasi kati ya hizi inayochukua nafasi ya kibali. Anayetaka kulala Enchantments, eneo la maziwa ya milimani katika msitu wa Okanogan-Wenatchee, kati ya Mei 15 na Oktoba 31 anahitaji kibali, na vingi hupatikana kwa bahati nasibu. Ardhi za jimbo nazo zina pasi yake nyingine, Discover Pass.

Mkaazi wa Bondeni
Nawashukuru sana. Binti yetu mkubwa anaingia darasa la nne Septemba. Ila mama mkwe anasumbuliwa na goti, na hatakuja kila safari.

Hesabu Kwanza
Basi mchukulieni mama Senior Pass ya dola 20 kwanza. Akifikisha nne za mwaka mwaka, anaweza kuzibadilisha apewe ya maisha. Siku asipokuwepo, lipeni dola 5, hadi Septemba 1, ambapo binti atastahili pasi ya bure ya darasa la nne, halali hadi Agosti 31 inayofuata. Naye pia lazima awe garini. Ya mama msiiagize kwa posta, kwa kuwa huongezwa ada ya kuishughulikia. Mnaweza kuinunua langoni Mount Rainier mama akiwa na kitambulisho chake, ila bebeni kadi ya benki, maana tangu 2023 hifadhi hiyo haipokei fedha taslimu.