Mafundi, acheni kutuuzia mikanda! Gari ikilia kama kifaranga, pimeni kwanza

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Miezi miwili nimezungushwa na mafundi kwa ajili ya mlio wa feni belti. Nimetoa shilingi 247,000, halafu tatizo lenyewe limekuja kumalizwa kwa 15,000. Mwenye gari asome hapa kabla hajatoa hela yake.

Gari ni Toyota IST, injini ya 1NZ. Wenye nayo mnajua mkanda ni mmoja tu, unazungusha altaneta (inayochaji betri), wota pampu (inayosukuma maji ya kupozea injini) na kompresa ya AC. Haina tenshena, yaani kikaza mkanda cha kujikaza chenyewe, fundi anaukaza mkanda kwa kuivuta altaneta. Sasa altaneta yangu ilikufa, gereji niliyoizoea wakanifungia ya mtumba. Wiki hiyohiyo mlio ukaanza: chiu, chiu, chiu, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Ukikanyaga mafuta unakwenda mbio zaidi. Kwenye foleni ya Mbagala watu wanageuka kuangalia.

Nikarudi palepale. Fundi hata boneti hakufungua vizuri, "mkanda umechoka huo." Mkanda 35,000, ufundi 10,000. Siku tatu kimya, ya nne chiu chiu. Nikarudi, akaukaza mpaka ukawa kama waya wa gitaa, na akanipulizia dawa ya mkanda ya 12,000. Jamani, ile dawa haitibu chochote! Inafanya mpira unate, mlio unazibwa siku mbili, halafu vumbi linagandia kwenye mifereji na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Na huko kukaza kupita kiasi kunaua beringi za altaneta na wota pampu. Nilimwambia, akanijibu yeye yupo kwenye kazi hii miaka 20.

Nikahamia gereji ya pili. Mkanda mwingine, safari hii 40,000 na ufundi 10,000, kwamba ule wa kwanza ni feki. Haukusaidia. Wakageukia wota pampu: 90,000, kufunga 30,000, kulanti (maji ya kupozea injini) 20,000. Wota pampu ya zamani niliomba wanipe. Nimeizungusha kwa mkono nyumbani, inazunguka laini, haichezi, haina hata tone la uvujaji. Ilikuwa nzima! Hakuna aliyeishika kabla ya kuihukumu.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja jirani yangu, fundi mstaafu. Aliomba chupa ya maji na rula ndefu ya chuma, basi. Injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, akauminyia mkanda maji kidogo upande wenye mifereji, mikono mbali na puli, yale magurudumu mkanda unamopita. Mlio ukakata, baada ya sekunde chache ukarudi. Akaniambia, "Mwanangu, hapa puli haziko kwenye mstari. Mkanda ungekuwa unateleza kwa kulegea, maji yangezidisha kelele." Na akanitofautishia jambo ambalo gereji mbili hazikunitajia: mlio mfupi wa kukatikakatika mara nyingi ni puli zimepishana, mlio mrefu wa kupiga kelele unapowasha gari au AC mara nyingi ni mkanda kulegea.

Kisha akazima gari, akautoa mkanda, akawasha tena kwa muda mfupi sana, haukufika dakika, maana bila mkanda wota pampu haizunguki na injini inaweza kuchemka. Kimya kabisa. Kwa hiyo kelele haikuwa ndani ya injini. Akazima, akazungusha kila puli kwa kidole akisikiliza beringi. Zote safi. Akaangalia puli ya krenki, ile ya injini yenyewe inayovuta mkanda, kwa sababu ile ina mpira katikati, na mpira ukichoka pete ya nje inahama. Nayo ilikuwa sawa. Mwisho akalaza rula usawa wa puli. Ya altaneta ilikuwa imetokeza nje karibu milimita 3.

Milimita 3 tu! Altaneta niliyofungiwa ilikuja na puli isiyo ya injini hii. Kila mzunguko mkanda ulikuwa unaingia kwenye mifereji kwa upande, unajisugua, unalia. Mkanda wa kwanza tuliutazama pamoja: kingo upande mmoja zimelika na zinang'aa, upande wa pili bado mpya. Ushahidi ulikuwa mikononi mwa fundi siku alipoutoa, na hakuuangalia! Bahati nzuri altaneta yangu iliyokufa nilikuwa nimeitunza. Mzee akaitoa puli ya hiyo iliyokufa akaifunga kwenye altaneta ya mtumba, akaukaza mkanda kwa kiasi, akapokea 15,000 kwa kulazimishwa. Leo ni wiki ya tatu, na mvua hizi zote, gari haijalia.

Kinachoniuma zaidi ni hii gereji ya kwanza. Wao ndio waliofunga ile altaneta. Mlio ulianza mikononi mwao, na swali la kwanza la fundi yeyote lilipaswa kuwa, "Ni kitu gani kilibadilishwa mara ya mwisho?" Hawakuuliza. Nimewafuata na rula na puli yenyewe, nikaambiwa vitu vya mtumba havina waranti. Sidai waranti ya altaneta mimi, inachaji vizuri. Nadai hela ya mkanda, ya ufundi na ya ile dawa, 57,000, kwa sababu mliniuzia tiba ya ugonjwa mlioupandikiza wenyewe.

Jumamosi asubuhi narudi pale na mzee, tutalaza rula mbele ya wateja wao. Nitaleta majibu hapahapa.