Tuwaombe G7 watufutie madeni tena? Mimi napinga

Mleta mada, Arua:
Wandugu, kila wakubwa wa G7, yaani mataifa saba tajiri, wakikaribia kukutana, hoja hii hurudi: Uganda iombe kufutiwa madeni kama mwaka 2005. Napinga.

Mwaka ule kule Gleneagles, Scotland (walikuwa G8, Urusi ingalimo), walikubali nchi maskini zifutiwe madeni ya IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa), Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Sisi tulishatangulia: mwaka 1998 Uganda ilikuwa nchi ya kwanza kumaliza mpango wa HIPC, ule wa kuzipunguzia madeni nchi maskini zilizolemewa. Pesa iliyookolewa ilisaidia sana shule za msingi, maana karo ilikuwa imefutwa mwaka 1997 na watoto walifurika madarasani.

Ila kufika kwa pesa shuleni hakukuwa kazi ya G7. Uchunguzi ulionyesha kuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini shule zilipata takriban 13% tu ya ruzuku zilizopangiwa. Serikali ikaanza kutangaza migao magazetini, na kila shule ikatakiwa kubandika ukutani karatasi ya kiasi ilichopokea. Mzazi asiyemjua mtu yeyote Kampala alisimama pale, akasoma, akamuuliza mwalimu mkuu pesa imekwenda wapi.

Mikopo ya leo imebandikwa ukuta gani? Bwawa la Karuma, megawati 600, ni pesa ya Exim Bank ya China. Uwanja wa ndege wa Entebbe, dola milioni 200 za mwaka 2015, ni wao pia, na wengi wetu tulisikia masharti yake mwaka 2021 kelele zilipozuka. China haimo G7. Halafu kuna deni la ndani: hati fungani zilizonunuliwa na mabenki na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani akiba za wafanyakazi wetu wenyewe. Hilo G7 watalifutaje?

Mchangiaji, Jinja:
Ndugu, hapo umeruka jambo. Benki ya Dunia bado inatudai kuliko mkopeshaji mwingine yeyote wa nje, na humo sehemu kubwa ya kura ni ya hao hao G7. Riba zikipanda kwao, sisi ndio tunaoumia. Mwenye sauti kubwa asiachwe akae kimya kwa sababu tu serikali yetu ni ya siri.

Mleta mada, Arua:
Kuhusu Benki ya Dunia nakubali. Basi hoja ipelekwe G20, kundi pana zaidi la nchi zenye uchumi mkubwa, ambako Umoja wa Afrika una kiti tangu 2023 na China wamo. Lakini mjumbe wetu aende na mikataba yote hadharani. Ibara ya 159 ya Katiba hairuhusu serikali kukopa bila idhini ya Bunge, kwa hiyo wabunge wanaidhinisha kitu fulani. Nataka mbunge wangu anionyeshe alichoidhinisha, ukurasa kwa ukurasa, kabla sijaunga mkono ombi lolote la kufutiwa.